Pulchérie na Mazoezi Makali

Sauti ya Pulchérie ilianza kumtoroka alipopita miaka hamsini. Alikuwa mwimbaji wa mbele katika kwaya ya kanisa lao kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mama aliyekimbia vita Kivu ya Kusini, Kongo, na wanawe na kuwalea kwa kuuza unga wa muhogo. Sasa kila akifika kwenye ubeti mrefu, pumzi inakatika njiani. Wenzake walimshauri awaachie mabinti nafasi. Hakukubali.

Akienda mjini Mbarara kwa biashara alilala kwa mdogo wake Eliane, mtaa wa Nyamityobora, karibu na chumba cha mazoezi. Siku moja aliingia humo kutafuta pumzi yake, amejifunga kikwembe, kitenge chake, kiunoni. Mwalimu wa pale, Rugamba, mwanajeshi mstaafu, alimwonyesha mashine ya kutembea, mbali na vijana waliokuwa wakihema sakafuni.

“Mama, watu ya umri yako inatembea pole pole.”

“Umri yangu haikukuomba ruhusa,” Pulchérie akajibu. “Nipe ile inaangushaka bale vijana.”

Rugamba alicheka, lakini hakumwachia hivyo hivyo. Alimpima presha, akamtembeza majuma kadhaa kila alipokuja mjini, ndipo akamfunga mkanda wa kupima mapigo ya moyo kifuani. Eliane alimpa suruali.

Kwanza ilikuwa baiskeli isiyokwenda popote: akanyage kwa nguvu zake zote kwa muda mfupi, kisha apumzike kwa muda mrefu. Moyo ulipanda mbio kama umetishwa, ukashuka. Pulchérie aliona si kitu. Zamu ya pili ilikuwa kuruka kamba na kuchuchumaa, mapumziko yakiwa mafupi kuliko kazi. Hapo moyo haukupata nafasi ya kushuka. Kila duru ulianzia juu zaidi ya ile iliyotangulia, mpaka akakaa chini na kutapika chai ya asubuhi. Siku nyingine akanyanyua vyuma. Mapigo hayakufika kule yalikofika kwenye kamba, akadhani amepona, kumbe kesho yake mapaja yalikataa hata kumshusha ngazi za Eliane. Alishuka kinyumenyume, ameshika ukuta, na jioni akarudi kwa Rugamba.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, akikoroga uji kwa Eliane, aliimba ule ubeti mrefu hadi mwisho kwa pumzi moja. Eliane aliacha kufagia, akamtazama.

Aliporudi Nakivale akawakusanya wanawake wenzake uwanjani alfajiri. Vyuma hawakuwa navyo, wakanyanyua madumu ya maji. Habari zikafika kanisani kwamba Mama Pulchérie anavaa suruali na kuruka hadharani. Shemasi Ezira alimwita mbele ya wazee, akamweleza kwa upole kwamba mama wa kwaya ni kioo cha wengine, achague moja, kwaya au mazoezi.

Pulchérie aliinama kwa adabu, kisha akainua uso.

“Shemasi, siku ya vita nilikimbia kupanda mulima, mutoto moja mu mugongo, mwingine mu mukono. Siku ile hakuna mutu alisema kukimbia ni haya. Leo nakimbia kwa ajili ya mwili yangu mwenyewe, muko munaona haya?”

Wazee wakaelewa kwamba hataacha mazoezi. Sharti halikubadilika: akavuliwa joho la kwaya. Nyumbani alilia, hatuwezi kuficha, maana ile kwaya aliipenda. Alipomaliza kulia aliloweka suruali yake, akaifua, akaianika mbele ya nyumba, upande wa barabarani.

Kesho yake wanawake walipungua uwanjani. Baada ya juma wakaongezeka, na miongoni mwao akawemo Clémence, kiongozi wa kwaya, suruali ikichungulia chini ya kikwembe. Pulchérie akampa kamba.

Walikuwa katikati ya duru ile inayotapisha watu, pikipiki ya shemasi ilipotokea, ikapunguza mwendo. Baadhi yao walisita, wakatafuta vikwembe vyao. Pulchérie alimsalimia shemasi kwa heshima zote, kisha akawageukia wenzake.

“Nani amesimama?” akauliza. “Saa ya kupumuzika haiyafika bado.”