Robe Nyeupe na Kikwembe Kipya

Wiki iliyopita binti yangu alifungua mashine ya kufulia, hapa kwetu Beni, akapiga kelele. Mashati yake meupe ya shule yalikuwa yametoka na mabaka mekundu, kwa sababu aliyafua pamoja na shali mpya. Nikamwambia asiyaanike. Rangi ikikauka imeshahamia. Ayarudishe majini peke yake, na sabuni, sasa hivi. Akaniuliza mambo ya mashine nimejifunzia wapi. Ah, rafiki yangu, mashine hiyo ina miaka miwili tu. Mimi nilijifunzia mtoni, kule Kimemi, Butembo, wakati wa vita.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumekimbia Beni, mimi na mukaka, yaani nyanya yangu, na tulipanga chumba kimoja kwenye parcelle, yaani kiwanja, ya mama mmoja muuza maharagwe. Asubuhi za Butembo zilikuwa na baridi na ukungu. Tulikula fufu ya moto na sombe, yaani kisamvu, halafu Jumamosi tukashuka mtoni na beseni kichwani. Ungesikia burashi juu ya mawe, na akina mama wakiimba, kila mmoja nyimbo za kanisa lake.

Mukaka alijua dawa ya kila doa. Utomvu wa ndizi aliusugua kwanza na mafuta ya taa. Damu, maji baridi, kamwe si ya moto. Kutu aliipaka ndimu na chumvi, kisha akaitandaza nguo kwenye majani ili jua limalize kazi. "Doa haliogopi mwenye nguvu," alizoea kusema. "Linaogopa mwenye haraka."

Mwaka ule nilikuwa nipokee komunyo ya kwanza. Robe yangu, gauni langu jeupe la siku hiyo, ilibaki Beni. Yule mama wa parcelle alikuwa Mprotestanti, lakini alifungua sanduku lake akatuazima robe nyeupe ya binti yake, yenye kola ya dantela, ile lesi ya vitundu. Binti huyo aliitunza kwa ajili ya sikukuu ya chorale yao, kwaya ya kanisani. Ilikuwa imekaa sana sandukuni hata ikaanza kuwa ya manjano, kwa hiyo Jumamosi moja tukaipeleka mtoni. Siku hiyohiyo mukaka alifua kikwembe chake kipya, kitenge chekundu, kukitoa ugumu wa dukani. Alifua kila kimoja mbali na kingine.

Bunduki zikalia upande wa soko. Wanawake wakainuka mara moja. Mimi ndiye niliyekamata kila kitu kikiwa kimelowa, nikakitia ndani ya beseni moja, tukakimbia. Siku mbili tulilala chini sakafuni, mlango umefungwa. Beseni lilikuwa pale karibu na mlango. Hakuna aliyelifikiria.

Siku ya tatu, kulipotulia, mukaka alivuta robe. Kifua chote kilikuwa na mabaka ya rose, rangi ya waridi, na kola imekuwa kama nyama mbichi. Alijaribu sabuni, ndimu, jua. Mabaka yalipauka kidogo tu, hayakutoka. Nililia. Akanishika mkono, tukaenda kupiga hodi kwa mwenye robe.

"Mama, tunakuya kuomba musamaha," mukaka alisema. "Robe ya mutoto wako imearibika."

"Ni mimi njo nilichanganya," nikasema.

Mama yule aliigeuzageuza juani. Binti yake alisimama nyuma yake, amekaza midomo.

"Siku ile bunduki zinalia, mulikuwa ku mto?"

"Ndiyo, mama."

"Na mulirudi na beseni?" Akaanza kucheka, kisha akafuta macho. "Lakini leteni ile kikwembe. Doa ikikatala kutoka, robe yote ifwate doa."

Akateka maji, akatia chumvi, akachemsha robe na kikwembe katika sufuria moja, akikoroga kama ugali. Ilitoka rose safi, bila baka hata moja. Binti yake aliishika, akaitazama sana, akasema, "Utaivaa wa kwanza. Kisha mimi."

Jumapili ya komunyo watoto wote walikuwa wamevaa nyeupe isipokuwa mimi. Katekista alinitoa kwenye mstari. Mukaka akamfuata.

"Mwalimu, huyu mutoto anajua katekisimu?"

"Anajua."

"Basi umurudishe."

Akanirudisha, mwishoni kabisa. Nilipogeuka na hostia mdomoni nilimwona mama wa parcelle mlangoni, pamoja na binti yake. Walikuwa hawajawahi kukanyaga kanisa la Kikatoliki.

Baadaye waliiacha parcelle, wakarudi kwao walikotoka, upande wa Oicha. Vita vikapita tena huko, na habari zao hazikunifikia. Mukaka tulimzika Butembo. Pale tulipofulia pamejengwa nyumba, na kila moja ina ukuta na lango la chuma. Nimeuliza watu wa Oicha mara nyingi juu ya mama muuza maharagwe na binti yake. Wananiuliza majina. Mimi nilimwita Mama tu, na binti yake Dada, siku zote.