Hesabu Yangu ya Ludo Haikuwa na Kosa

Pale Katwe mafundi vyuma huniita Mwalimu, maana hakuna anayenishinda kukadiria nani atamaliza ludo kwanza. Ubao wetu umefutika rangi, kwa hiyo kila mtu hujua kete zake kwa upande alioketi.

Juzi nilikuwa nikicheza na Hajati Zubeda, mwenye duka la jirani, akaondoka kidogo kwenda kuswali. Jua likanichoma, nikahamia kigoda chake kivulini. Aliporudi akaketi kwenye kigoda changu.

Nikahesabu hatua zilizobaki, nikawatangazia watazamaji: "Upande huu utashinda mara tisa kwa kumi. Mwenzangu akubali tu yaishe."

Hesabu safi kabisa, naapa. Hajati akanipa mkono.

"Asante, Mwalimu. Kigoda hicho ni changu, na kete hizo pia."