Sauti Aliyoizima Gudrun

Norbert Kaczmarek alianza kumwonea wivu Gudrun Sobotta siku ile mzee Alfons alipokoroma.

Kwa watu wengine mzee akikoroma ni kero tu. Lakini katika chama chao mkoromo ulikuwa kikombe cha dhahabu. Walikuwa watu wanne, pale mjini Herne, katikati ya miaka ya themanini. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya chakula cha mchana, walikutana katika chumba walichokodishiwa na wafuga njiwa, chumba kinachonuka mahindi na manyoya. Wao wenyewe hawakufuga hata kuku. Walitunga muziki wa umeme, ule wa polepole usio na ngoma wala mwimbaji, unaoenea chumbani bila kumsumbua mtu. Aliyeleta kazi yake aliiweka kwenye redio kaseti, wenzake wakajilaza chali kwenye magodoro ya mazoezi, wakafumba macho. Hakuna aliyepiga makofi. Sifa kubwa kuliko zote ilikuwa msikilizaji kupitiwa na usingizi.

Sasa Alfons, mwenyekiti, alikuwa amekula vumbi la makaa mgodini maisha yake yote. Kifua chake kilipiga filimbi mchana na usiku, na usingizi aliupata kwa kuokoteza. Norbert alikuwa amehangaika miaka kumlaza mzee yule, na mzee alikuwa akimsikiliza kwa heshima, macho makavu, akikohoa kwenye leso. Akaja Gudrun na kazi yake ya kwanza kabisa, na kabla kaseti haijafika katikati, mzee huyo anakoroma kama mtoto aliyeshiba uji.

"Bahati ya mgeni," Norbert alisema siku hiyo, akikusanya vikombe.

"Bahati ya mgeni mara ngapi?" Uli wa posta alimuuliza baada ya miezi mitatu, maana mzee alikuwa amelala mara tatu.

Tumtazame Norbert vizuri, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alikuwa mlinzi wa bwawa la kuogelea la manispaa, kapera wa miaka arobaini na kitu, siku nzima yuko ndani ya kaptula nyeupe na ndala za mpira, akifokea watoto wasikimbie kwenye vigae. Alipenda sheria toka moyoni. Hata chama ni yeye aliyekianzisha, na ni yeye aliyeandika kanuni za kutungia, moja moja, nyuma ya vile vikadi vya kuwekea glasi za bia, akavitia katika kikapu cha kusafirishia njiwa. Kila mwezi kilichomolewa kikadi kimoja na wote wakakifuata. Tumia sauti mbili tu. Usiguse kinanda. Mwendo uwe nusu ya ule unaoutaka. Norbert aliamini kwamba mtunzi akiachiwa uhuru wote atajaza takataka, lakini ukimfunga mkono mmoja, huo wa pili utaanza kutafuta njia.

Na juu ya kanuni hizo za kubahatisha kulikuwa na moja ya kudumu, aliyoitundika ukutani kwa mwandiko wake wa kistaarabu: kaseti ya mtu haifunguliwi. Wote walirekodi kwa zile mashine ndogo za njia nne, ambazo kaseti moja hubeba sauti nne sambamba, na kila sauti ina kishikio chake cha kusukuma juu isikike au chini izimike. Chamani ulileta nakala iliyokwisha kuunganishwa. Ile ya njia nne ilibaki mkobani mwako, na kama ulifuata kanuni au hukuifuata, ulijijua mwenyewe.

Ni Norbert huyohuyo aliyemfundisha Gudrun kazi. Gudrun aliuza maua kwenye kibanda karibu na lango la makaburi, mikono yake myekundu kwa maji baridi ya ndoo, mwanamke wa maneno machache na kicheko cha ghafla. Siku ya kwanza alikuja na rekoda mpya, akaiweka mezani na kuibonyeza bila kujua anabonyeza nini, Norbert akiwa anakoroga kahawa ya chama kwenye birika kubwa.

"Mama, unamaliza betri bure," Norbert alimwambia.

"Acha ziishe, si zangu?"

Walicheka. Wakati huo alikuwa bado anampenda kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi asiyejua kitu. Upendo huo ulikauka mzee alipoanza kukoroma. Norbert akawa anaazima nakala za Gudrun, eti azisafishie kelele, kumbe anakaa nazo jikoni kwake akitafuta makosa. Alipolipata kosa alilala vizuri. Usiku ambao hakulipata, aligeukageuka kitandani akiwaza kwamba yeye ana kinanda cha maana na mashine ya mwangwi aliyoagiza kutoka mbali, na yule ana ndoo na karatasi za kufungia maua. Ana nini yule? Alijiuliza hivyo hata akiwa kazini, mpaka siku moja watoto wakakimbia juu ya vigae mbele ya macho yake na hakuwaona.

Kisha bwawa likajengewa ukumbi mpya wa kupumzikia, wenye viti vya kulalia na dirisha la kioo. Meneja, Bibi Thielemann, akamsimamisha Norbert kwenye ngazi.

"Bwana Kaczmarek, si una watu wako wale wa muziki wa usingizi? Naomba kazi moja ya kupiga mle ukumbini. Moja tu, nzuri, ipigwe kila siku."

Angeweza kusema nitakuletea yangu, yakaisha. Bibi Thielemann asingejua tofauti. Lakini Norbert hakutaka kupewa kimyakimya. Alitaka achaguliwe, na Gudrun awepo aone. Akapeleka habari chamani. Wakakubaliana kwamba kazi itakayowalaza wengi zaidi Jumapili ya mwezi ujao ndiyo itakwenda bwawani.

Mzee Alfons alitia mkono kikapuni, akasogeza miwani na kusoma: "Tunga. Kisha zima ile sauti unayoipenda kuliko zote. Ulete kilichobaki."

"Nani mwendawazimu aliyeandika hii?" Uli aliuliza.

"Mwandiko wa nani huo, kwani?" alisema mzee, na wote wakamtazama Norbert, naye akajichekesha.

Mwezi ule Norbert alifanya kazi kama mtu anayejenga nyumba. Alfajiri moja, kabla ya wateja, alirekodi tone la maji likidondoka katika bwawa tupu, na mwangwi wake ukipanda mpaka darini na kurudi. Lilikuwa tone zuri kupita kiasi. Alilizungushia mvumo wa kinanda, kengele ndogo, na pumzi ya mashine ya kuchuja maji. Ukafika wakati wa kuzima. Akasukuma kishikio cha tone chini, akasikiliza. Kilichobaki kilikuwa supu isiyo na chumvi. Akalipandisha tone tena. Akakaa. Akajiambia kwamba, ukifikiri sana, sauti aliyoipenda zaidi ni ule mvumo wa kinanda. Akauzima mvumo, ambao hata hivyo ulikuwa unamchosha, akaunganisha nakala yake na kwenda kulala. Kaseti ya mtu haifunguliwi.

Jumapili ilipofika, kazi yake ilipigwa ya kwanza. Ilipokwisha, Uli aliinuka kwenye godoro akijinyoosha.

"Safi, Norbert. Lile tone, ndugu yangu! Nimelisikia mpaka kwenye meno."

Mzee alikuwa macho, anakohoa. Gudrun alikuwa bado amelala chali, anatazama dari.

"Ni zuri kweli," alisema. "Sasa nikuulize, ulizima nini kilicho kitamu kuliko hilo?"

"Siri ya mpishi," Norbert alijibu, na masikio yakamwaka moto.

Zamu ya Gudrun. Kaseti ikaanza kwa sauti ya chuma kinachosuguliwa taratibu, yumkini ukingo wa ndoo, umepunguzwa kasi mpaka umekuwa kama mtu anayeguna kwa mbali. Ikafuata karatasi, ikikunjuka polepole. Chini yake noti moja nzito, imeshikiliwa bila haraka. Basi. Lakini katikati ya sauti hizo kulikuwa na nafasi. Kila mara zilisogea pembeni zote tatu, kama watu wanaompisha mtu mlangoni, na hakuna aliyepita, nazo zikarudi mahali pake. Mara ya nne zilipofanya hivyo mzee Alfons alikuwa ameshalala, kinywa wazi, kifua kimetulia kuliko walivyowahi kukiona. Uli naye hoi. Norbert peke yake alikuwa macho, na alipogundua kwamba machozi yanamtiririkia masikioni, alipandwa na hasira ambayo hajawahi kuipata maishani.

Alisimama akaizima redio kaseti kwa kishindo. Mzee akashtuka.

"Hakuzima kitu huyu!"

"Nini tena?" Uli alifikicha macho.

"Nasema hakuzima kitu! Haiwezekani! Mtu azime sauti aipendayo kuliko zote halafu kibaki kitu kama hiki? Mimi nimejaribu, najua. Kinachobaki ni makapi!"

Hakuna aliyeyatilia maanani maneno yale ya mwisho isipokuwa Gudrun. Alikaa kitako kwenye godoro, akavuta sketi yake magotini.

"Norbert, baba, acha utoto," mzee alisema. "Tumekuwa polisi sasa? Soma ukutani hapo."

"Nimeiandika mimi, naijua! Kwa mtu mwaminifu haina haja. Aifungue tuone."

"Hafungui mtu hapa."

"Mwache, mzee," Gudrun alisema. Alichukua mkoba wake, akaingiza mkono chini ya kandambili na mkate uliofungwa kwenye karatasi, akatoa kaseti. "Fungua. Lakini wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Mashine ya Norbert ilikuwa palepale mezani. Akaitia kaseti. Akasukuma kishikio cha kwanza, ndoo ikaguna. Cha pili, karatasi. Cha tatu, ile noti nzito. Ilikuwa kazi ileile waliyoisikia, haina tofauti. Kishikio cha nne kilikuwa chini kabisa. Norbert alimtazama Gudrun kwa ushindi, kwa sababu hakutegemea kitu pale ila utepe mtupu, akakisukuma juu.

Kijiko kiligonga birika. Halafu ukaja mluzi wa mwanamume, noti mbili kushuka na moja kupanda, mluzi wa mtu asiyejua kwamba anasikilizwa. Ukapita palepale kwenye zile nafasi. Ndoo, karatasi na noti nzito viliupisha ukapita, vikaufuata nyuma, na yote yaliyokuwa yakingojewa yakawa yamefika. Mluzi ukanyamaza, ikasikika sauti ya Norbert mwenyewe, ya mzaha, toka siku ile ya kwanza: "Mama, unamaliza betri bure."

Hata kahawa ya leo alikuwa ameikoroga dakika chache kabla ya kikao, na bila shaka aliipigia mluzi uleule. Alikuwa akiupiga kila Jumapili. Hakuwahi kuusikia.

Mzee Alfons alitazama viatu vyake. Gudrun alikwenda mezani, akabonyeza kitufe, akatoa kaseti yake na kuifuta kwa kiganja.

"Umeona?" alisema. "Ilinichukua wiki nzima kuizima."

"Gudrun, mimi..."

"Na wewe, tone lako. Lilikuwa kishikio cha ngapi?"

Norbert alianza kukusanya vikombe. Hakuna aliyemwomba kaseti yake, hata Gudrun aliyekuwa na haki ya kuiomba. Angeona nafuu kama wangemwomba.

Kazi ya Gudrun ndiyo iliyokwenda bwawani. Norbert aliipeleka mwenyewe, akamkabidhi Bibi Thielemann mikononi, akasema ni ya mwenzetu, ni mtu hodari sana. Gudrun hakuhama chama. Alikuja kila mwezi kama kawaida, akawaamkia wote, yeye Norbert pia, kwa adabu ileile anayompa mteja kibandani. Kitu kimoja tu kilibadilika. Norbert alipouliza nani anataka kahawa, Gudrun alifungua mkoba akatoa chupa yake ya chai, akajimiminia.

Naye Norbert alikoroga birika kimya. Si kwamba alijikataza. Midomo ilikuwa haitoi kitu. Alijaribu nyumbani, noti mbili kushuka na moja kupanda, ukatoka mluzi wa mtu anayejisikiliza. Na hapo wivu wake, ambao ungekuwa umeshakwisha kama dunia ingekuwa na utaratibu, ukahamia kwa mtu mwingine. Alimwonea wivu yule mwanamume wa kwenye kaseti, anayekoroga kahawa bila kumhesabia mtu kitu, ambaye mwanamke mmoja alimpenda kuliko sauti zote za Herne, naye hana habari.

Kazini hakuwa na pa kukimbilia. Ukumbi wa kupumzikia ulikuwa sehemu ya zamu yake, na kaseti ilipigwa toka asubuhi mpaka kufunga. Alipiga deki, akapanga viti, akakusanya taulo, huku sauti tatu zikisogea pembeni na kupisha, zikisogea na kupisha. Wateja walilala fofofo. Yeye peke yake mle ukumbini alijua ni nani anayengojewa pale.

Alasiri moja ya Novemba, mvua ikipiga kioo, aliinama kuokota taulo, na ile nafasi ikafika. Mwili ukamsahau. Mluzi ukatoka wenyewe, mwepesi, noti mbili kushuka, na alikuwa anaivuta pumzi ya ile ya tatu.

Mama mmoja mnene kwenye kiti cha dirishani alifumbua jicho moja.

"Bwana wee," alisema, "hebu nyamaza. Unatuharibia muziki."

"Samahani, mama," alisema Norbert, akaikunja taulo.