Kijana wa Mguu Niponye

Wenzake chuoni walimwita Mguu Niponye, na jina lilimkaa. Ukianza naye mazungumzo, kabla hujameza mate uendelee, yeye keshasema haya, tutaonana, na keshakata kona. Watu walidhani anaringa. Ataringa nini, mtoto wa watu, ambaye akisikia hodi mlangoni alizima taa akajifanya hayupo?

Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Chumba chake bwenini kilikuwa na vitanda viwili, kimoja kitupu tangu mwenzake alipohamia kwa vijana wachangamfu zaidi. Humo, shuka ikiwa imevutwa hadi kidevuni, alitazama video fupi: jinsi ya kuzungumza na watu, jinsi ya kupendwa, makosa ya watu waoga. Wasemaji wake walimwaga maneno kama maji ya bomba. Hakuna aliyekohoa wala kusita wala kutafuta neno. Na hakuna aliyemwambia kwamba wale jamaa hukata kila kimya kabla ya kuirusha video, hata pumzi wanaikata. Yeye akaamini kuwa ndivyo watu wanaojiamini wanavyozungumza, na kwamba mtu akinyamaza mbele yako, umeshamchosha. Ondoka kabla hajakufukuza.

Basi akawakimbia wote. Msichana mmoja wa darasa lake alimuuliza siku moja kama ana ndugu, akajibu anao dada wawili. Msichana akainama kufunga kamba ya kiatu. Alipoinua kichwa, alikuwa anaongea na ukuta. Hakumuuliza tena kitu, na kijana aliumia kwelikweli, maana moyoni yeye alimpenda yule msichana.

Kilichombana zaidi ni mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi hupewa mgonjwa mmoja, anakaa naye, anamhoji, kisha anamweleza mkufunzi kwa nini mgonjwa haponi. Alishaufeli mara moja. Akifeli tena, anarudia mwaka, na wenzake wanasonga mbele.

Safari hii alipewa fundi viatu wa umri wa baba yake. Alikuwa amepasuliwa jipu mgongoni, akaruhusiwa kwenda nyumbani na maelekezo ya kusafisha kidonda kila siku, akarudi wodini kidonda kikiwa kibaya zaidi. Kijana alianza vizuri. Aliuliza jipu lilianza lini, anakula nini, anatumia dawa gani, na fundi akajibu yote kwa upole. Likabaki swali lenyewe.

"Baba, nyumbani nani anakusafisha kidonda?"

Fundi akatazama dirishani, kimya. Juu ya paja la kijana kidole gumba kilianza kupanda chenyewe, kama kinavyosukuma video kwenye simu, kikitafuta mtu mwingine wa kutazama. Akausikia mdomo wake ukisema asante baba, ugua pole, na kiti kikiburutwa.

Mkufunzi alikuwa amesimama karibu na pazia. Walipotoka nje akamuuliza kwa nini mgonjwa haponi. Hakujua. Mkufunzi hakugomba, aliandika alichoandika, akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Mwaka wa mtu ukawa umekwenda hivyo, na ukiniuliza mimi, wale wa video ningewavuta masikio mmoja mmoja.

Bwenini hakuwa na wa kumwambia. Alifungua simu, akaizima, akaifungua tena. Jioni, saa ya kutazama wagonjwa, akarudi wodini bila sare. Vitanda vingine vilikuwa vimezungukwa na jamaa na vikapu vyao. Cha fundi hakikuwa na mtu. Kijana akavuta kiti, akamsalimu, akarudia swali lile lile, kisha akaikalia mikono yake yote miwili.

Fundi alinyamaza kwa muda mrefu. Kwenye kitanda cha jirani watu waliangua kicheko juu ya mambo yao. Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini hakuinuka.

"Hakuna mtu," fundi akasema. "Na huku mgongoni mkono wangu haufiki. Nilikuwa naona aibu kukwambia."

Kijana akaitikia kwa kichwa tu.

"Ulipoinuka asubuhi," fundi akaendelea, "nikajua nimekuchosha, mwanangu."