Nilivyotupa nyasi za muheme siku wanawake wa Mvumi walipokwenda kuandikisha ngoma yao

Wakuu, kwema? Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu. Nakileta kilivyotokea, pamoja na pale nilipoharibu.

Mimi shule niliishia kidato cha pili. Tangu hapo ni mtu wa kuzunguka, leo Manyoni, kesho Singida, nataka tu kujua mbele kuna nini.

Kiangazi kile nilikuwa Mvumi. Nikapata kibarua cha kupakia ngoma kwenye pikapu.

Zilikuwa za wanawake wa Kigogo. Muheme, ngoma inayobanwa mapajani, na wapigaji ni wanawake. Walikuwa wameitwa ukumbini Ihumwa, kwa maafisa wanaoandikisha ngoma za asili kwenye orodha ya taifa. Ukiikosa siku hiyo, basi.

Juu ya ngoma kulikuwa na furushi la nyasi kavu. Nikadhani ni za kuzuia zisigongane. Tulipofika nikazitupa kwenye maji ya mtaro, nikajiona nimefanya usafi.

Ndani kuna AC, baridi kama Njombe. Mama Ndahani, kiongozi wao, akagusa ngozi ya ngoma. Ikalia kama mto wa kulalia.

Akauliza nyasi ziko wapi. Nikasema nimezitupa mtaroni. Mwenzake akanitazama, akasema huyu hata moshi angeutupa, bahati yetu haushikiki.

Kumbe muheme unaoteshwa moto kwanza, ngozi ikaze. Nyasi zile ndizo za kuwashia.

Afisa mmoja akasema muda umebana, wapige hivyo hivyo, au awaruke.

Mama hakupandisha sauti.

"Mwanangu, ukiiandika hii iliyolala, wajukuu zangu wataikuta imelala."

Nikakimbia hadi kando ya reli, nikang'oa nyasi kwa mikono. Tukawasha nje, kwenye vumbi la parking. Ngoma zikazunguka moto kama wageni waliotoka kwenye baridi.

Ikalia ya kwanza, wakuu. Mchana ule mweupe ulikuwa kama unaelea. Nilisikia mlio umeingia miguuni, ukapanda, nikasahau ninakokwenda kesho.

Maafisa wakatoka mmoja mmoja, fomu mkononi. Hakuna aliyewaita.

Yule afisa akaandika akiwa amechuchumaa. Kwenye sehemu ya vifaa akasoma kwa sauti: ngoma nne, njuga.

"Ongeza moto," Mama akasema.

Akaongeza.

Toka siku ile, situpi kitu cha mtu kabla sijauliza kazi yake.

Na nyie, ngoma ya kwenu ina kitu gani ambacho fomu ingekisahau? Semeni, nasoma kila comment.