Pembe ya Mhuri

Kila mchoraji wa stempu huiacha pembe moja tupu. Hapo ndipo mhuri wa posta unapotua, na hakuna mwenye akili zake atakayechora uso mahali pa kugongwa. Mchoraji wetu aliishika kanuni hiyo miaka ishirini na miwili, mpaka alipopewa stempu nne za tamthilia za zamani, kwa ajili ya jumba la maonyesho lililokuwa likitimiza miaka hamsini.

Wafalme na wachekeshaji aliwachora bila taabu. Kilichomkereketa ni dada yake. Miaka thelathini dada mtu alikaa nyuma ya pazia la jumba lile lile, akiwanong'onezea waigizaji waliosahau maneno, na siku ya kustaafu hakuna aliyekumbuka hata kumtaja. Mdogo wake alitaka aonekane, japo mara moja. Lakini bosi wake alikuwa na lake: aliye hai hawekwi kwenye stempu, basi. Na kila mchoro aliukagua kwa kioo cha kukuzia, isipokuwa pembe ya mhuri. Ya nini, na haina kitu?

Basi akamchomeka humo humo: uso kando ya pazia, kitabu mkono wa kushoto. Bosi akatia saini. Mchoraji akafurahi mpaka akasahau pembe ile iliachwa tupu kwa nini.

Stempu zilipotoka alibandika moja kwenye bahasha, akamtumia dada. Baada ya siku tatu akaenda kwake, akijidai amepita tu.

"Barua nimepata," dada akasema. "Ndani hamna kitu. Umeishiwa maneno?"

"Angalia stempu, dada. Pale pembeni."

Dada akavaa miwani. Yeye akachungulia begani kwake. Mhuri mweusi ti ulikuwa umetua juu ya uso.

"Mimi mjinga kweli! Nitakuletea nyingine, safi."

"Hebu tulia." Dada aliisogeza bahasha dirishani. Wino ulikuwa umeishia kwenye kiwiko. "Mkono wa kushoto huu. Mama alinichapa kwa ajili yake mpaka akachoka mwenyewe." Akacheka. "Jumba zima hakukuwa na mwenye shoto mwingine. Ni mimi."

Ile safi alipoletewa, aliibandika kwenye barua ya kwenda kwa shangazi. Yenye mhuri hakumpa mtu.