Kitabu Kilichomfukuza Mama

Nilikuwa nimechoka kabla hawajafika. Wiki nzima nilisimama kiwandani kwenye mashine ya kutengeneza ndoo za plastiki, miguu ikavimba, na Jumapili hiyo ilikuwa zamu yangu kukaribisha kikundi cha kusoma. Kikundi kilianzishwa na mwalimu mmoja kijana wa ghorofa ya sita, hapa mtaani Pipeline, Nairobi, alipoona kwamba wanawake wa plot yetu, jengo hili la wapangaji, wakikutana hawana jingine ila kumsengenya mwenye nyumba. Anatutumia kitabu kwenye simu, tunakisoma, tunakutana kwa mmoja wetu, tunakunywa chai na kubishana.

Kitabu cha safari hiyo nilikijua. Sikuwa nimewahi kukifungua, lakini nilikijua kama mtu anavyojua jina la ugonjwa uliomuua babake. Kiliandikwa na mwalimu aliyewahi kufundisha katika mji wetu mdogo kule magharibi, mji wa maduka machache, misheni na ghala la pamba. Ndani yake kila mtu wa heshima ana siri yake, na katikati yuko mke wa mzee wa kanisa anayependana na karani wa ghala. Kilipofika kwetu, watu hawakukisoma kama hadithi. Walikisoma wakitafuta nani ni nani. Huyo mke wa mzee wa kanisa ana pengo na anauza mandazi nyuma ya ghala. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Mama yangu alikuwa na pengo, na mandazi aliuzia papo hapo.

Kanisani kwetu, mwanamke akiingia chama cha kina mama huvishwa kitambaa cheupe cha kichwani mbele ya watu, na akikosa hunyang'anywa mbele ya watu. Mama hawakumngoja aende kanisani. Walimfuata nyumbani wakiwa na sare, wakaimba wimbo kwanza, kisha mwenyekiti akamvua kitambaa. Mdogo wake mama alikuwa kati yao. Alisimama nyuma kabisa, karibu na choo, wala hakuinua macho. Mimi nilikuwa wa umri wa kutumwa chumvi dukani, nikaona yote. Mwezi haukuisha tukawa Nairobi, mama, mimi na godoro. Baba hakutufuata, na mama hakukanyaga kwao tena.

Sasa wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba yule mdogo wake mama amefariki, mazishi Jumamosi inayofuata. Nilimwambia mama twende. Akakataa. Nikambembeleza, nikafoka.

"Nikisimama pale watanisoma," akasema. "Dada yangu mwenyewe alikuja kunivua kitambaa. Kama angenitaka, angenitafuta akiwa hai."

Niliwaambia wenzangu tumefiwa, tuahirishe. Wakajibu kwamba ndiyo sababu kubwa ya kuja, watanipa pole, na kwa kuwa kitabu kimeshasomwa, tutaongea kidogo. Ndivyo tulivyo. Ukifiwa hapa huachwi peke yako hata kama ndicho kitu pekee unachokitaka. Chumba chetu ni kimoja, kitanda kiko nyuma ya pazia. Mama akalala huko, akaniamuru niseme amelala.

Wakaja na mkate, sukari na maziwa. Tukaomba. Tukanywa chai. Nilitumaini watasahau, lakini mwalimu alitoa simu yake kwenye mkoba.

"Haya, nani anaanza?"

Akaanza msichana anayeuza nguo za mitumba kule chini barabarani. "Kusema ukweli, mimi nilichoka. Niliambiwa ni kitabu kibaya, nikasoma nikingoja hiyo ubaya. Nikangoja! Si walishikana tu mikono huko kwa ghala?"

"Hiyo hapa plot ni mambo ya Jumatatu asubuhi," akadakia jirani yangu wa mlango wa pili, wakacheka wote.

"Watu wa zamani walikuwa na time," akasema msichana. "Na huyo mama naye ni mjinga. Kwa nini analia kitabu mzima? Si angepanda gari tu akuje Nairobi?"

Nilitazama pazia. Halikutikisika. Nilitaka kuwafukuza wote, na chai yao, na mkate wao.

Mke wa dereva mmoja, mama wa makamo kutoka Ukambani, aliweka kikombe chini. "Mimi nilimhurumia," akasema. "Mzee wake alikuwa na mwingine huko sokoni, imeandikwa wazi, na hakuna mtu alienda kumwimbia wimbo. Lakini mtu aliniuma zaidi ni yule dada. Yule alisimama nyuma. Nilifikiria, huyo naye atalala aje maisha yake yote?"

"Huyo dada ni snitch tu, msaliti," akasema msichana.

"Alikuwa mtoto. Angefanya nini, na kina mama wote wamemzunguka?" akajibu mke wa dereva.

Sikujua kwamba dada yumo kitabuni. Mwandishi alijuaje? Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakujua chochote kuhusu siku ile, maana kitabu kilitangulia. Aliandika kwamba mwanamke huyo atavuliwa kitambaa, na kina mama wa mji wetu wakaenda kufanya vilevile kama kitabu kilivyowaelekeza, hadi wimbo. Nilikasirika hata mikono ikaniwasha. Watu walikichoma kitabu kwa kuwa ni kichafu, kisha wakakifuata neno kwa neno.

Walipoondoka, nilikusanya vikombe. Mama alitoka nyuma ya pazia akaketi kwenye kochi. Uso wake ulikuwa wa hasira, si wa aibu.

"Yule msichana amesema alichoka?"

"Amesema hakuona ubaya wowote, mama."

"Hajui kusoma huyo." Akajimiminia chai iliyobaki. "Eti mikono. Yule mwalimu wa kule kwetu aliogopa kuandika yote."

Nilimkazia macho. Hakuyakwepa. Sikuuliza zaidi, na hadi leo sijauliza. Aliniambia nimsomee pale penye dada. Alikuwa hajawahi kusikia hata ukurasa mmoja, alichojua ni kile alichotendwa. Nikamsomea kwenye simu, taratibu, na alinirudisha sehemu ileile mara kadhaa, pale msichana anaposimama nyuma ya kina mama huku akibana kinywa kwa kiganja. Nilipomaliza alisema, kama mtu anayeagiza unga, kwamba Ijumaa tutasafiri.

Njia nzima alinong'ona peke yake. Alikuwa akipanga majibu ya watu wa kwao, kila mtu na lake. Nilimwacha. Nilichoomba tu ni kwamba asidhalilishwe mara ya pili, kwa sababu mimi sikuwa na nguvu za kulibeba jambo hilo tena.

Kwenye mazishi hakuna aliyemjua. Kijana aliyeongoza shughuli alipowaita ndugu wa marehemu wasimame, mama alisimama akiwa amekaza mwili, na kijana yule akasema kwenye kipaza sauti, "Kumbe marehemu ana dada Nairobi! Karibu sana, mama," watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa zamani alishakufa. Karani alishakufa. Ajuza mmoja aliyekumbuka kidogo alimwuliza mama kama Nairobi bado kuna baridi. Niliona yale majibu yote yakimwishia mdomoni.

Jeneza lilipokuwa limeshateremshwa na vijana wakiwa na sepetu tayari, binti wa marehemu alimsogelea mama. Ni mwanamke mtu mzima, mwalimu wa chekechea, ana macho ya mamake.

"Mama mkubwa," akasema, "mama alikuwa akisema kuna kitu alikukosea. Tukimwuliza ni nini, analia. Mara nyingi alipanga kuja Nairobi, anafunga hata kuku wa kukuletea, halafu ikifika siku ya safari anamfungua."

"Kwa nini hakuja?" mama akauliza.

"Alisema utamfungia mlango."

Mama alimwangalia binti yule, akaliangalia jeneza kule chini, akaketi juu ya lundo la udongo mbichi akiwa na nguo yake nzuri.

"Basi tulikuwa tunaogopana," akasema. "Tulikuwa tunaogopana tu." Na vijana wakasimama na sepetu zao, kwa sababu udongo waliotaka kuutupa ndio aliokuwa ameukalia, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.